Mwonjaji wa Mama Kunigunda

Siku niliyomwona Mama Kunigunda kwa mara ya kwanza, alikuwa amemshika kijana mmoja kwenye ukosi wa shati la shule, anamtoa kilabuni kama anavyotolewa mbuzi kwenye mahindi ya watu. Nilikuwa nimeteremka kwenye lori asubuhi hiyo na mfuko wangu wa spana, natafuta pa kufungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Nilidhani ni ugomvi, nikasimama ng'ambo ya barabara.

Kumbe baba wa kijana alikuwa humo humo kilabuni, kopo mkononi. Aliitwa Othmar. Baadaye nilikuja kumfahamu vizuri, maana baiskeli yake haikuwa na breki na hakutaka kuinunulia.

"Mama Kunigunda, mwache huyo," Othmar alisema bila kuinuka kwenye benchi. "Nimemwita mimi. Ni mwanangu."

"Mwana ni wako, baba. Pombe ni yangu."

"Si nalipa?"

"Lipia ya kwako. Ya huyu bado haijapikwa. Nitaipika akiota ndevu."

"Mbona mimi nilianza mdogo kuliko yeye?"

Mama Kunigunda alimtazama kuanzia raba zilizotoboka vidoleni mpaka macho yaliyovimba. "Nakuona," alisema. "Ndiyo maana yeye simpi."

Benchi zima lilicheka, na Othmar naye akacheka. Kijana akavuka barabara kwa aibu, akanipita bila hata salamu. Mimi nikatua mfuko wangu pale pale. Kibanda changu kikawa mkabala na kilabu cha Mama Kunigunda, na tangu siku ile, kila nilipoinua macho kutoka kwenye mnyororo wa baiskeli niliuona mlango wake.

Kijiji chetu kiko kwenye barabara itokayo Kitai kwenda Lituhi, ile inayopitwa na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka. Vumbi lake ni jeusi. Nguo nyeupe za Jumapili huanikwa nyuma ya nyumba, siyo mbele. Watu wanalima mahindi na kahawa kidogo, na kahawa ikikataa wanauza kuni, na kuni zikiisha wanapika pombe. Vilabu vilikuwa vingi, lakini cha Mama Kunigunda kilisifiwa na watu wa aina mbili ambao kwa kawaida hawasifu kitu kimoja. Wanywaji walikisifu kwa sababu pombe yake haikuwahi kutoka mbichi wala kuchacha. Akina mama walikisifu kwa sababu mtoto hakanyagi pale. Nilishamsikia mama mmoja wa kijiji cha jirani akimwambia mumewe, "Kama lazima unywe, kanywe kwa Kunigunda, angalau mwanao hatakufuata huko."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Hakupenda kurudia neno. Ukimwamkia "Shikamoo, Mama," alijibu "Marahaba, baba," kisha akanyamaza, na mimi ambaye maneno hunikauka mdomoni nilifurahi kuwa na jirani wa namna hiyo.

Habari zake nilizipata kwa Hedwiga, jirani yake, ambaye alikuwa na maneno ya kutosha watu watatu. Hedwiga alikuja kujaza upepo kwenye tairi, akakaa kwenye kigogo changu akaanza kusimulia kana kwamba nimemwuliza. Mume wa Mama Kunigunda aliitwa Bernadi. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya nne, na alikuwa mlevi. Mwezi mmoja wa Juni, baridi imeshika, alitoka kilabuni akalala njiani. Asubuhi walimkuta hai, lakini kifua kilikuwa kimeshajaa. Hakumaliza juma.

"Pombe aliyokunywa siku hiyo," Hedwiga alisema, akashusha sauti ingawa hakukuwa na mtu mwingine, "ilikuwa ya mkewe."

Baada ya kumzika Bernadi, Mama Kunigunda alitembea kwa miguu hadi kanisani Kigonsera, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akaweka nadhiri. Pombe haitagusa midomo yake tena mpaka akutane na Bernadi. Na mtoto wa mtu hatakunywa kwa mkono wake.

Lakini nadhiri haimpi mtu kazi nyingine. Mibuni yake ilikuwa michache na ilikuwa na ugonjwa, na tangu utoto alichofundishwa na mama yake ni kupika pombe. Kwa hiyo aliendelea kupika. Tatizo likawa moja. Pombe haipikwi kwa macho. Uji unachemshwa, unapoa, unatiwa kimea cha ulezi, unakaa pipani. Kuna saa ambayo bado ni tamu kama uji wa mgonjwa, na kuna saa ambayo imekuwa siki. Katikati pana saa yake ya kuuzwa, na saa hiyo inajulikana kwa ulimi tu. Mpishi asiyeonja ni kama fundi baiskeli asiyeruhusiwa kuzungusha gurudumu.

Mwanzoni Hedwiga ndiye aliyemwonjea. Haikuchukua muda.

"Huyu haonji, anavuna," Mama Kunigunda aliniambia siku moja, na hiyo ilikuwa moja ya mara chache alizonitania. "Nikimwita aonje, pipa linashuka."

Ndipo Loveth akaletwa. Alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake Getrude aliyeolewa Lituhi, kule ziwani. Ndoa ya Getrude ilipovunjika na akaanza kuhangaika na biashara ya dagaa, alimpandisha mtoto huku milimani kwa bibi yake, aanze shule. Loveth alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele na alikuwa akilia usiku kwa sababu hakusikia mawimbi. Mama Kunigunda alimpenda kwa namna ambayo hata mimi wa ng'ambo ya barabara niliiona. Alimbeba mgongoni mtoto mkubwa kama yule. Alimwekea vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa mfukoni aende navyo shuleni. Kila aliyesimama pale aliambiwa jambo moja: huyu atasoma, atakuwa nesi, na pombe ya ukoo huu itaishia kwake.

Siku moja asubuhi nilipeleka kwao baiskeli niliyokuwa nimeitengeneza, nikawakuta uani. Loveth, ndani ya sare ya darasa la kwanza, amesimama juu ya tofali kando ya pipa. Bibi yake amepiga magoti mbele yake, anamtazama mdomo. Mtoto alichovya kijiko, akakilamba, akafumba macho, akatafuna kama mtu anayekula nyama.

"Enhe?" bibi aliuliza.

"Bado, Bibi. Inacheka tu."

"Haijakasirika?"

"Bado. Itakasirika nikitoka shule."

Mama Kunigunda akafunika pipa. Jioni, mtoto aliporudi na daftari lake kichwani, alipanda tena kwenye tofali, akaonja, akakunja uso. "Imekasirika!" Na kweli ikawa imeiva. Wateja waliokuwa wamekwisha kaa kwenye benchi wakapiga makofi, na Loveth akawainamia kama mwimbaji.

Maneno yake yakawa maneno ya kijiji. Mtu akipita barabarani anauliza, "Leo imekasirika?" na mwingine anajibu, "Loveth amesema bado inacheka." Madereva wa malori waliyajifunza. Padri aliyasikia akatabasamu. Hakuna aliyeona neno baya pale, na sioni ajabu, kwa sababu ndivyo tulivyokua wote. Mama anapika, mtoto aliye karibu anaonja. Tangu lini kuonja kukawa kunywa? Mama Kunigunda mwenyewe, aliyekuwa tayari kumfukuza mwana wa Othmar mbele ya baba yake, alimpa Loveth kijiko kila pombe ilipoiva, na dhamiri yake ilikuwa safi kama sahani. Mtoto hasemi uongo, alisema. Ulimi wa mtoto haujachafuka.

Miaka ikaenda hivyo. Kijiko kikawa kata, maana mtoto alikuwa mkubwa na kijiko alikiona kidogo. Alifaulu darasa la saba. Siku matokeo yalipotoka, bibi yake alifunga kilabu mchana mzima, jambo ambalo hakulifanya hata Ijumaa Kuu, akaenda kumshonea sketi ya sekondari.

Alikuwa kidato cha pili aliporudishwa nyumbani. Mwalimu alimleta kwa pikipiki, amemshikilia kwa mkono mmoja asianguke. Walimkuta amelala nyuma ya vyoo vya shule wakati wa kipindi, na kando yake palikuwa na kile kichupa kidogo cha plastiki cha pombe kali, kinachoingia kwenye kiganja. Mama Kunigunda alikipokea kichupa kutoka kwa mwalimu, akakitazama kama mtu aliyeletewa nyoka.

"Nani amekupa?" alimwuliza Loveth.

Loveth alikuwa anacheka tu.

Kuanzia siku ile Mama Kunigunda alianza vita, na sijaona vita iliyopiganwa kwa moyo kama ile. Alianza na Osward, mwenye duka dogo pale malori yanaposimama. Nilikuwa dukani kununua gundi, nikayasikia yote.

"Osward, mwanangu, unauza nini?"

"Shikamoo, Mama. Nauza sukari, sabuni, vocha."

"Na vichupa?"

"Vichupa ni vya watu wazima."

"Mtu mzima wa sketi ya shule?"

"Mama, mimi sijamuuzia Loveth. Naapa kwa kaburi la baba. Hao watoto wanamtuma utingo wa lori, utingo ananunua, mimi nitajuaje anampelekea nani?"

"Utamwuliza."

"Nikimwuliza atanunua duka la pili." Osward akaegemea meza yake. "Halafu, Mama, nisamehe, lakini kijiji hiki mpishi wa pombe ni nani? Mimi?"

"Kwangu mtoto hanywi," Mama Kunigunda alisema. "Uliza kijiji kizima."

Ilikuwa kweli. Kijiji kizima kingesema hivyo.

Alienda kwa utingo mmoja mmoja. Walimwita "Bibi Polisi" na kumpigia honi. Alisimama kwenye njia ya shule asubuhi, akipekua mifuko ya watoto wa watu. Alikuta sigara moja moja zimefichwa kwenye soksi, akazivunja. Kuna kijana, mtoto wa mtumishi wa serikali, alikuja likizo kutoka Songea na kidude cha kung'aa kama kalamu. Alikuwa akikivuta na kutoa mvuke mwingi mweupe. Mama Kunigunda alikichukua, akakigeuza, akakinusa.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kuchaji, Bibi."

"Tochi?"

Vijana waliomzunguka wakafa kwa kicheko. Alinusa tena. Ilinukia embe. Alimrudishia, akaendelea na safari yake, na mimi niliyekuwa nimemsindikiza kwenye baiskeli nikaona jinsi vijana walivyopokezana kile kidude nyuma ya mgongo wake. Nilitaka kumwambia. Lakini hata mimi sikujua kinaitwaje.

Loveth alirudishwa shuleni, akakutwa tena, akarudishwa nyumbani tena. Ndipo Mama Kunigunda alipokwenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji wetu aliitwa Praygod, kijana Mlutheri kutoka Kilimanjaro, mpole, aliyekuwa hajazoea vumbi letu na alikuwa anafuta meza yake kila dakika. Mama aliniomba nimsindikize, kwa kuwa nyumbani kwake hapakuwa na mwanaume.

"Nataka mkutano," alimwambia. "Nataka Loveth asimame mbele ya watu, amtaje mtu wa kwanza aliyemtia pombe mdomoni. Huyo atozwe faini, na wengine wataogopa."

"Mama yangu," Praygod alisema, "tuzungumze na mtoto pembeni kwanza. Mimi na wewe na mwalimu. Mbele ya watu ataona aibu."

"Siyo yeye. Nataka aliyemwanzisha ndiye aone aibu."

"Na kama atakataa kusema?"

"Loveth hajawahi kunidanganya. Hata siku moja."

Mkutano ulifanyika alasiri kwenye darasa la shule ya msingi. Watu walijaa madirishani. Osward alikuja amevaa shati jipya kama mtu anayekwenda mahakamani. Hedwiga alikaa mbele. Loveth alisimamishwa karibu na ubao, mikono nyuma, mrefu tayari kama bibi yake. Siku hiyo alikuwa hajanywa, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.

Praygod alimwuliza kwa upole. "Loveth, hakuna atakayekupiga. Hizi pombe unazipata kwa nani?"

"Kwa watu tu."

"Kwa Osward?"

"Hapana. Osward ananifukuza."

Watu wakanung'unika, na Osward akatazama huku na huku kutafuta wa kumpongeza.

"Kwa madereva?"

"Siku hizi ndiyo. Kila mtu anatoa. Ukicheka wanakupa."

Mama Kunigunda alisimama. Hakuwa amepewa nafasi ya kusema, lakini hakuna aliyemzuia. "Siku hizi sitaki. Nataka wa kwanza. Loveth, mjukuu wangu, mtaje aliyekupa mara ya kwanza. Usimwogope. Nipo hapa."

Loveth akatazama sakafu.

"Mtaje!"

"Bibi, tuache tu."

"Mtaje, mbele ya Mungu na watu hawa!"

"Ni wewe, Bibi," Loveth alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyojibu mtu aliyeulizwa njia. "Nilikuwa darasa la kwanza. Nilikuwa nasimama juu ya tofali."

Mtu mmoja dirishani akacheka, na Hedwiga akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Kuonja siyo kunywa! Huyu mtoto ana adabu gani? Sisi sote tulionja! Mimi nilimwonjea mama yangu, na mama yangu alimwonjea bibi yangu!"

"Kweli kabisa," Othmar alisema kutoka nyuma, na pumzi yake ilifika mpaka mbele. "Na tuko salama."

Kila mtu akaanza kusema. Wazee walisema ni kazi ya nyumbani kama kuteka maji. Akina mama walisema mtoto wa siku hizi anatafuta wa kumsingizia. Wote walikuwa wanamtetea Mama Kunigunda. Aliyekuwa hamtetei ni yeye mwenyewe. Alikuwa amesimama vile vile, mkono mmoja kwenye dawati, anamtazama Loveth mdomoni, kama nilivyomwona akimtazama ile asubuhi uani. Praygod aliuliza mara mbili faini atozwe nani. Watu wakasema hakuna wa kutozwa, wakatoka, na mvua ikaanza.

Jumatatu iliyofuata moshi haukutoka kwenye ua wa Mama Kunigunda. Wateja walikuja na makopo yao, wakagonga.

"Leo imekasirika, Mama?"

"Nimeacha," alisema mlangoni. "Nendeni mkalale."

Walidhani ni hasira ya wiki moja. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Alifunga kwa kamba mlango wa kilabu, akaanza kuuza mkaa na mbogamboga. Alipungua mwili. Na hapa ndipo mambo yalipozidi kuharibika, kwa namna ambayo mtu hawezi kumlaumu. Hedwiga aliona benchi limekosa wakaaji, akafungua kilabu chake. Hedwiga hakuweka nadhiri yoyote. Mwenye kopo alipewa, awe na ndevu au asiwe nazo. Vijana wa shule walioogopa mlango wa Mama Kunigunda miaka yote waliingia kwa Hedwiga mchana kweupe, na sare zao. Mwana wa Othmar sasa alikuwa mtu mzima, aliwaleta wadogo zake. Kilabu pekee kilichokuwa kinawafukuza watoto kilikuwa kimefungwa na mwenyewe, kwa kutubu.

Tena Hedwiga alihitaji mwonjaji anayejulikana na wateja. Akamchukua Loveth, na ujira wake ukawa kopo.

Mama Kunigunda alipata habari hizo kwangu. Niliona ni heri azisikie kwa mtu ambaye hatacheka. Alijifunga kitenge, akaenda, nami nikamfuata kwa mbali kidogo.

"Hedwiga, nipe mtoto wangu."

"Dada, nimemfunga? Huyo hapo, mwite." Hedwiga alikuwa anachuja, mikono imejaa machicha. "Mimi nimempa kazi. Wewe ulimpa bure, mimi namlipa."

"Usimpe pombe. Mpe hela, mpe unga, mpe chochote."

"Hataki chochote. Nimejaribu, dada. Kwa Mama Maria nimejaribu. Nilimpa kilo ya sukari, akaenda kuiuza kwa Osward, hela akainywea."

Loveth alitoka ndani. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti yake ilikuwa nzuri. "Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Fundi."

Mama Kunigunda hakuitikia salamu. Alimsogelea, akamshika kidevu, akamnusa mdomo. Tangu mkutano ule ndivyo alivyokuwa anampokea kila jioni, mlangoni, kabla ya salamu, kabla ya kumwuliza kama ameshinda na njaa. Loveth alikuwa akitafuna majani ya mpera ili kuficha, na bibi akajua hata harufu ya majani ya mpera. Ikafika wakati mtoto anazunguka nyumba jioni nzima haingii, kwa sababu ya pua ile.

"Njoo nyumbani," bibi alisema alipomwachia.

"Nikija nitafanya nini?"

"Utasoma."

"Walishanifuta shuleni, Bibi."

"Basi utakaa na mimi. Nimeacha kupika. Unaona? Nimeacha kwa ajili yako."

Loveth alifikiri. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau, na sijui kama alilisema kwa ulevi au kwa akili zake zote. "Bibi, nilikuwa nafurahi. Ulikuwa unapiga magoti unaningoja niseme. Watu wazima wote wako kimya, wananingoja mimi. Shuleni hakuna anayeningoja. Nikinywa, naisikia tena ile."

Mama Kunigunda aligeuka, akashika njia. Mimi nilikuwa nimesimama kando na baiskeli, nanyoosha kengele iliyokuwa imepinda. Tulirudi barabarani bila mtoto.

Alijaribu yote yaliyobaki. Alimpeleka kwa padri, na Loveth akaungama, akalia kwelikweli, akakaa siku chache vizuri, akarudi kwa Hedwiga. Alimpeleka kwenye zahanati. Nesi alisema dawa ya hilo hana, angempeleka hospitali kubwa ambako wana mtu wa kuzungumza naye, ila lazima mwenyewe akubali. Loveth alikubali, na siku ya safari hakuonekana. Bibi alimwendea Praygod, na Praygod akafunga kilabu cha Hedwiga kwa kuuzia watoto. Hedwiga akafungua kingine ndani ya chumba cha kulala. Praygod akahamishiwa wilaya nyingine. Aliyekuja baada yake alipenda kukaa kwa Hedwiga.

Baadaye Loveth aliondoka na gari la makaa. Tulikaa bila habari mpaka Getrude alipopiga simu kutoka Lituhi. Loveth alifika kwake, alisema, akalala juma zima, kisha akahamia ufukweni kwa watu wanaopika gongo kwenye mabanda ya kukaushia dagaa. Alimwona mara moja tu, yuko katikati ya wavuvi, anaonja kutoka kwenye chupa, na wavuvi wanasubiri aseme.

"Mama, usije," Getrude alisema kwenye simu. Mama Kunigunda alikuwa ameniomba niishike mimi, kwa hiyo nilisikia. "Huku kuna mbu, wewe umezoea baridi. Na hatakusikiliza."

"Najua hatanisikiliza," Mama Kunigunda alijibu. "Nakuja."

Alisafiri kwenye gari dogo la abiria linalopeleka ndoo tupu za dagaa Lituhi. Nilimbebea mzigo: kitenge cha pili, unga, rozari, na viazi vilivyokauka ndani ya mfuko wa plastiki. Kondakta alikuwa anamharakisha. Alikaa dirishani kati ya ndoo, magoti yamefika kifuani kwa urefu wake.

Hakurudi. Alimpata Loveth, Getrude alisema, na mara mbili alimleta nyumbani, na mara mbili Loveth akatoroka. Mvua zilipoanza homa ilimshika Mama Kunigunda, na mwili wa milimani haukuiweza. Alizikwa huko huko, karibu na maji. Loveth alifika makaburini mwishoni, hakusogea karibu, akaondoka kabla ya watu kumaliza kuimba. Wengine wanasema yuko Mbamba Bay, wengine wamemwona kwenye malori upande wa Ngaka. Mimi bado nina kibanda changu. Hedwiga bado anapika, na kwenye benchi lake leo nimehesabu sare za shule nikaacha. Nimewaambia watoto wawili watatu warudi darasani. Wamenijibu kwa heshima, "Sawa, Fundi," wakaendelea kunywa.

Siku ile gari lilipowashwa, Mama Kunigunda alitoa mkono dirishani, akashika usukani wa baiskeli yangu kana kwamba angelizuia gari kwa huo. Nilidhani atanipa ujumbe wa kumpelekea padri au Hedwiga. Vumbi lilikuwa linapanda, akalazimika kupaza sauti, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kupaza.

"Fundi, kama tukipishana njiani, akarudi huku mimi nikiwa huko, mfungulie. Mpe chakula kwanza. Usimnuse."